Wamonaki wanafunga Kwaresima kwa kula samaki aina ya sato. Huu ni mfungo au ndiyo maisha yetu ya kila siku Kanda ya Ziwa?

#1 Fundi wa Kamanga

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaohusika, wengine mwangaluka.

Nimepata kazi ya mabomba na pampu ya sola kwenye monasteri moja ndogo (nyumba ya watawa wa kiume) ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, ndani ndani ukishaacha lami. Jina sitaji, wenyewe ni watu wa kimya. Kazi imeangukia Kwaresima na nalala nyumba ya wageni, kwa hiyo maisha yao nayaona kwa karibu.

Kwa asiyejua: kengele ya kwanza inalia saa kumi na nusu alfajiri, giza totoro, vyura wanashindana na zaburi. Baada ya sala ya usiku kila mtu anakaa na Biblia yake kimya mpaka Masifu ya Asubuhi, kisha Misa, ndipo uji. Uji hauna sukari Kwaresima yote. Saa mbili wako kazini: bustani, nguruwe, mashine ya kusaga, na kuna mzee mmoja anashona kanzu tu. Saa sita wanasali, wanakula, mmoja anasoma kitabu kwa sauti na wengine wanatafuna bila neno. Ukitaka chumvi unaonyesha kidole. Jioni Masifu tena, Ijumaa Njia ya Msalaba nje kwenye mawe, saa mbili usiku Sala ya Mwisho, na kutoka hapo hakuna anayeongea mpaka kesho.

Nikasema hawa wanafunga kweli. Ijumaa ikafika, likaja sinia la sato. Sato wazima, wa nyanya na ndimu, na ugali wa udaga, yaani muhogo. Kijijini kwetu sato wa ukubwa ule anatolewa mkwe akija.

Swali: ukimnyima mtu wa ziwani nyama ukampa sato, umemnyima nini hasa? Na nani aliamua kwamba samaki si nyama?

#2 SikuHiziBwana

Siti ya mbele. Ila mkuu ungetuwekea onyo, watu tuna funga huku unatuambia habari za nyanya na ndimu.

#3 Katekista wa Zamani

Milele Amina.

Fundi, tenganisha mambo mawili. Kufunga ni kupunguza chakula, na Kanisa linawadai Wakatoliki wote siku mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mlo mmoja kamili, na kitu kidogo asubuhi na jioni. Hilo linamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka aanze mwaka wake wa 60. Kujinyima nyama ni jambo la pili, linaanzia miaka 14, na ni kila Ijumaa. Ipo kwenye sheria za Kanisa, kanuni ya 1251 na 1252. Nyama inayokatazwa ni ya wanyama wa nchi kavu na ndege. Samaki hayumo.

Kwa hiyo kisheria wamonaki wako salama kabisa.

#4 Jicho la Mwalo

Salama kisheria, lakini hujajibu swali la pili. Mimi niliambiwa na mzee mmoja pale mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kwamba zamani Papa mmoja alikuwa na ndugu zake wavuvi Italia, biashara imelala, akatangaza Ijumaa watu wale samaki. Basi. Dini yote hiyo ni soko.

#5 Katekista wa Zamani

Jicho, hiyo hadithi inazunguka dunia nzima na haina ushahidi hata chembe. Hata jina la huyo Papa hawakuambii. Wakristo waliacha nyama siku za toba tangu karne za mwanzo, na zamani walikuwa wakali kuliko sasa: Kwaresima yote hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna maziwa. Hii nafuu tuliyonayo ni ya Papa Paulo wa Sita, mwaka 1966.

#6 Jicho la Mwalo

Mzee wangu anakusalimia.

#7 Novisi Mstaafu

Nilikaa utawa miaka kadhaa kabla sijatoka na kuoa (mke wangu anasoma hapa, shikamoo mama watoto), tena monasteri ya kusini, kwa Wabenediktini. Ngoja nijibu kutoka ndani.

Wamonaki wana sheria yao juu ya hiyo ya Katekista, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6. Sura ya 39 inakataza nyama ya wanyama wa miguu minne kwa wote, isipokuwa wagonjwa waliodhoofika sana. Soma tena: miguu minne. Kuku ana mingapi? Watawa wa zamani Ulaya walibishana hilo karne na karne, na wengine kuku walimla kwa amani kabisa.

Samaki kwa nini aliachwa? Mtakatifu Thomas wa Akwino alilitolea sababu: nyama ya wanyama wanaoishi nchi kavu na kupumua hewa inampendeza mtu zaidi kwa utamu na inampa nguvu zaidi, na mwili ukishiba nguvu unatafuta mambo yake. Sasa Thomas alikuwa mtu wa Italia. Sidhani kama angeandika vile angekulia Nansio, kisiwani Ukerewe.

Lakini Fundi, umeangalia sinia ukaacha saa. Kwa Benedikto kinachobanwa Kwaresima ni saa ya kula. Sura ya 41 inasema Kwaresima mpaka Pasaka chakula kiliwe jioni, mara moja, kabla giza halijaingia ili taa isihitajike. Siku hizi monasteri nyingi zimelegeza kwa sababu ya kazi na afya, wengine wanafanya hivyo Jumatano na Ijumaa tu. Je, hao wa kwako jioni wanakula nini?

#8 Fundi wa Kamanga

Jioni ni michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai ya rangi. Karanga zikiwepo. Mimi mgeni naletewa wali na maharage, tena wananiletea kwenye trei, nikajisikia vibaya siku mbili tatu halafu nikazoea.

#9 Binti Ilemela

"Nikazoea" 😂 Fundi wewe umeenda kufunga pampu au kufungua tumbo?

#10 Novisi Mstaafu

Dada Ilemela, mwache fundi wa watu. Sura ya 53: mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Mkuu wa nyumba anaruhusiwa hata kuvunja mfungo ale na mgeni, isipokuwa siku kuu ya mfungo isiyovunjwa. Na sisi wanovisi, watawa wa majaribio, tulikuwa tunaombea wageni waje.

#11 Mama Kayabo

Habari zenu. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki, nimewahi kupeleka mzigo kwenye nyumba za watawa na seminari, nisikilizeni.

Hao mnaowaonea wivu kwa sato, mara nyingi sato huyo si wa kununua. Wavuvi waumini wanapeleka sadaka. Mvuvi akivuta nyavu vizuri Alhamisi, anachagua watatu wanne wazuri anampa kijana wa bodaboda, "peleka kwa mabruda waniombee". Sasa wakatae? Watupe? Nyumba nyingine niliyokuwa napelekea wenyewe walikuwa wananunua mapanki, mnayajua, yale mabaki ya sangara kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Bruda wa jikoni alikuwa anayapika kwa bamia, na walikuwa wanakula kimya kama kawaida. Hilo hamkuliona.

Na kuna jingine ambalo watu wa bara hawalijui. Dagaa. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inakaa mchangani na vijana wanashona nyavu na kucheza drafti. Sasa angalieni kalenda: Pasaka ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Maana yake Juma Kuu mwezi huwa umejaa au uko karibu na kujaa. Mwaka huu wa 2026 mwezi unajaa tarehe 2 Aprili, Alhamisi Kuu yenyewe. Kwa hiyo kila mwaka, Ijumaa Kuu ikifika na kila Mkatoliki anataka dagaa, dagaa wabichi mwaloni ni adimu. Wanaouzwa ni wa akiba, na masika yamewanyeshea vichanjani, wamekuwa weusi, na bei imepanda. Mimi nimefanya biashara hii tangu kivuko cha Kigongo kinatupanga foleni juani, sijawahi kuona Juma Kuu lenye dagaa wengi wapya.

Mfungo wa ziwani Mungu kaupanga mwenyewe kwa mwezi.

#12 Jicho la Mwalo

Mama Kayabo hapo kwenye mwezi nimekubali, nimevua dagaa na sijawahi kuliunganisha na Pasaka. Na ukirudi nyuma, Jumatano ya Majivu inaangukia giza, mwezi mchanga kabisa au siku chache baadaye. Yaani Kwaresima inaanza dagaa ni tele na inaisha hakuna.

#13 Katekista wa Zamani

Mama, hapo ni sahihi. Kanuni hiyo ya Pasaka na mwezi inatokana na mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea, mwaka 325. Ila kusema Mungu kaupanga mfungo wa ziwani, hapo umeongeza chumvi ya kayabo, samaki wa kukaushwa.

#14 Mama Kayabo

Chumvi ndiyo biashara yangu, Katekista.

#15 Omwana wa Bukoba

Naomba ufafanuzi wa kisheria. Senene je? Wana miguu sita, hawana damu ya moto, msimu mmoja unaangukia Aprili. Nauliza kwa niaba ya kabila zima.

#16 Katekista wa Zamani

Senene wanaruhusiwa. Yohane Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu na hakuna aliyemlaumu.

#17 Omwana wa Bukoba

Basi Wahaya tumefunga miaka yote bila kujua. Na kwa kuwa Yohane alikuwa mtu wa senene, nadhani mnaelewa alikuwa mtu wa wapi.

#18 SikuHiziBwana

Tulijua tu mtafika huko. Bado kusema alisoma Ulaya.

#19 Mkerewe Halisi

Wabeja kwa uzi. Nijibu swali la Fundi lilivyo, maana naona mnalizunguka.

Kumnyima Mkerewe nyama ukampa sato ni kumwadhibu chura kwa kumtosa majini. Bibi yangu alikuwa Mkatoliki wa misheni, kabatizwa na wale Mapadri Weupe, na Kwaresima alikuwa anaacha samaki. Kabisa. Siku arobaini mlenda, maharage, nsansa (mboga ya majani makavu) na viazi. Nilimuuliza akasema padri wa kizungu hakujua sisi tunakula nini, alileta sheria ya kwao akaiacha kwenye boti haijafunguliwa. "Nyama tunakula Krismasi na msiba ukitokea," alisema, "ukinikataza Ijumaa hujanikataza kitu."

Kwa hiyo mimi nadhani wamonaki wa Fundi wangekuwa na akili ya bibi yangu wangeacha samaki.

#20 Binti Ilemela

Bibi anastahili kuwa mwanateolojia.

#21 Kisumu Ndogo

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya kaskazini, ziwa ni moja. Huku kwetu watu wengi walifanya kama bibi ya Mkerewe, wanaacha omena na ngege, yaani dagaa na sato, lakini wengine wanasema hiyo ni kujitia utakatifu kuliko Kanisa.

Kenya tulikuwa na watawa Watrapisti kule Kipkelion, walikaa tangu miaka ya 1950, kisha vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zikawafanya wahamie Uganda. Hao nyama hawali mwaka mzima, si Kwaresima tu. Kwa hiyo kwao Ijumaa si tofauti na Jumanne. Swali likawa lile lile: kama mwaka mzima huli nyama, Kwaresima unaacha nini?

#22 Novisi Mstaafu

Kisumu Ndogo umegusa penyewe. Benedikto mwenyewe anaanza sura ya 49 kwa kusema maisha ya mmonaki yalipaswa kuwa Kwaresima wakati wote, ila kwa kuwa wachache wana nguvu hiyo, basi angalau hizi siku arobaini waongeze kitu. Halafu anataja vya kupunguza: chakula, kinywaji, usingizi, maongezi na mizaha. Mizaha! Samaki hajatajwa. Mtu wa ziwani, mtu wa milimani, wote wana usingizi na wote wana mdomo.

Na kuna sharti ambalo watu wa nje hawalijui. Unachoamua kuacha lazima umwambie mkuu na akuruhusu. Ukijifungia mwenyewe kimyakimya, Kanuni inasema hiyo itahesabiwa kiburi na kutafuta sifa, hakuna thawabu. Mwenzetu mmoja mnovisi aliacha sukari bila kusema. Priori, mkuu wa nyumba, akaona anasukuma bakuli la sukari pembeni kila asubuhi na uso wa mfiadini. Akaagizwa anywe chai ya vijiko vitatu mpaka Pasaka. Alikuwa hapendi chai tamu hata kidogo tangu utotoni. Ule ndio mfungo mkali kuliko yote niliyoshuhudia.

Kingine ni kitabu. Sura ya 48, mwanzo wa Kwaresima kila mmoja anapewa kitabu kutoka maktaba, akisome mfululizo kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, hakuna kuruka. Na mzee mmoja au wawili wanatembea saa za kusoma kuangalia nani amesinzia au anapiga soga. Mimi nilipewa kitabu kuhusu subira, kurasa mia nne na zaidi, tafsiri ngumu. Nikiona sangara leo sina kinyongo naye, lakini kile kitabu nikikiona nabadilisha njia.

#23 Fundi wa Kamanga

Kumbe! Nimewaona na vitabu vyao, kila mmoja ana kimoja kimefungwa karatasi ya kaki, nikadhani ni vya nyimbo. Na wimbo nao umebadilika, hawaimbi Aleluya wala Utukufu, kinanda kinapigwa kidogo tu. Sanamu sijaona zimefunikwa bado.

#24 Katekista wa Zamani

Subiri Jumapili ya tano, nyumba nyingine hufunika hapo. Na kengele zitakaa kimya kuanzia Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, watagonga vibao.

#25 Mzalendo Nyegezi

Mimi swali langu ni tofauti. Kwa nini hizi monasteri ni chache huku kwetu? Bukumbi misheni ipo tangu 1883, Ukatoliki wa Mwanza ni wa zamani kuliko hata mji wenyewe kuwa mji, lakini wamonaki sisi tunawasikia tu. Au padri wa Bukumbi si wamonaki wale?

#26 Novisi Mstaafu

Si wamonaki. Bukumbi walianza Wamisionari wa Afrika, ndio hao Mapadri Weupe, kazi yao ni kutoka nje na kuhubiri. Mmonaki anaapa kukaa kwenye nyumba moja. Wabenediktini walipewa kusini: Peramiho 1898, Ndanda 1906. Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa Songea abati (mkuu wa monasteri) ni nani anakujibu, ukimuuliza mtu wa Magu anadhani ni aina ya mbegu ya pamba.

#27 Ng'wana Magu

Hapo kwa Magu tutakutana, Novisi. Tunajua abati. Ni yule anayekula sato mkubwa kuliko wenzake.

#28 Dkt wa Zahanati

Mniruhusu niseme kidogo. Kila Kwaresima napokea watu wenye vidonda vya tumbo, kisukari, na wajawazito waliojifungisha mpaka kizunguzungu. Kanisa halimdai mgonjwa, na naona hata huyo Benedikto wenu aliwapa wagonjwa nyama. Mwenye dawa za kila siku asiache dawa wala chakula chake bila kuuliza. Ni hayo.

#29 Abuu wa Igoma

Asalaam aleikum jamani, niko pembeni nawasoma. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza pamoja, Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na sisi tukaingia siku zile zile. Kazini kwetu wote tulikuwa tumenuna, mama ntilie akalalamika tumemfungia biashara.

Binamu yangu ni mlinzi kwenye nyumba ya watawa, sisemi wapi. Anasema mwezi wa Ramadhani yule bruda wa jikoni anamwekea uji wa futari kwenye chupa ya chai getini, na tende wakipata. Wenyewe muda ule ndio wako kwenye Masifu ya Jioni. Anafuturu anasikiliza zaburi.

Lakini mkinisamehe, na mimi nashangaa kama Fundi. Sisi tangu alfajiri mpaka magharibi hata maji hapana. Halafu mtu anakula sato saa sita mchana anasema amefunga?

#30 SikuHiziBwana

Abuu ametupiga chini bila kelele.

#31 Katekista wa Zamani

Abuu, waaleikum salaam. Ukilinganisha saa kwa saa mtatushinda, sibishi. Lakini soma alichosema Novisi, mlo wa jioni baada ya siku nzima ndio ulikuwa utaratibu wa awali, nafuu ilikuja baadaye. Na ya kwetu ni siku arobaini bila kuhesabu Jumapili, ukihesabu zote kutoka Majivu mpaka Jumamosi Kuu zinafika 46.

#32 Abuu wa Igoma

Sawa ustaadhi wa Kikatoliki. Nimekuelewa, sijakubali.

#33 Jicho la Mwalo

Mnajadili saa na miguu, mimi narudi kwa pesa. Bibi ya Mkerewe aliacha samaki kwa sababu samaki ndiye alikuwa chakula cha kila siku. Siku hizi siyo. Sato anakwenda Dar na Nairobi, sangara anakwenda Ulaya, bondo la sangara, ule mfuko wake wa hewa, ni dhahabu. Mtoto wa mvuvi leo anakula dagaa, na siku hizi hata dagaa tunagombania na viwanda vya chakula cha kuku. Kwa hiyo sato wa Ijumaa pale monasteri amegeuka kuwa chakula cha kitajiri. Ukitaka kumkomesha mtu wa ziwani leo mnyime sato, ukitaka kumkomesha mtu wa 1970 mnyime furu, wale samaki wadogo wa ziwani.

Na mnielewe, sisemi wamonaki ni wabaya. Nasema sheria iliandikwa samaki akiwa chakula cha maskini.

#34 Novisi Mstaafu

Ulaya ya kati huko, mbali na bahari, samaki mbichi hakuwa wa maskini hata kidogo. Watawa walichimba mabwawa yao wakafuga. Maskini alikula wa chumvi aliyekauka. Kwa hiyo hilo la "chakula cha maskini" lina mashimo, mkuu.

#35 Mama Kayabo

Wa chumvi aliyekauka. Yaani kayabo. Nimefurahi sana.

#36 Mzalendo Nyegezi

Jicho, si ziwa lilifungwa uvuvi ndiyo maana samaki wameadimika? Nilisikia redioni.

#37 Jicho la Mwalo

Hiyo ni Tanganyika mkuu, mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Si Victoria. Huku tunafungwa na mwezi na bei ya mafuta.

#38 Fundi wa Kamanga

Asanteni wote. Leo saa ya kazi nimempata bruda wa bustani anamwagilia, nikamuuliza moja kwa moja: hao sato mnawaonaje, ni mfungo? Akacheka (kwa sauti ndogo). Akasema chakula kwake hakijawahi kuwa shida, kakulia njaa ya Kwimba, mlo mmoja ni kawaida. Kinachomuumiza Kwaresima ni simu. Wanakabidhi zote kwa priori Jumatano ya Majivu, na ana mama yake mgonjwa, habari anazipata kwa bruda wa mlango tu. Na kingine ni kuamka usiku, kwa sababu masika ikinyesha kwenye bati usingizi unakuwa mtamu kupita kiasi.

Nikamuuliza kwa nini basi wasiache samaki kabisa kama bibi ya Mkerewe. Akasema walishawahi kujaribu, wavuvi wakakasirika. Mmoja alikuja mpaka getini akauliza sadaka yake ina kasoro gani.

#39 Mama Kayabo

Si niliwaambia.

#40 Mkerewe Halisi

Basi wangempa sato huyo mzee wa kushona kanzu na wagonjwa, wengine wale mlenda. Bibi asingekubali kisingizio cha wavuvi.

#41 Binti Ilemela

Mkerewe, bibi yako alikuwa peke yake jikoni kwake. Kule kuna watu wa Kwimba, wa Bukoba, wa Ukerewe mezani pamoja. Ukiacha samaki umemwonea Mkerewe, ukiacha ndizi umemwonea Mhaya, ukiacha ugali Wasukuma wanaondoka wote.

#42 Ng'wana Magu

Ugali usiguswe.

#43 Omwana wa Bukoba

Wala ndizi.

#44 Dkt wa Zahanati

Fundi, huyo bruda mwenye mama mgonjwa, priori wake hawezi kumruhusu apige simu? Hapo mimi naona mfungo umepita mpaka.

#45 Novisi Mstaafu

Daktari, akiomba anaruhusiwa, sijaona priori anayekataa hilo. Wengi hawaombi. Huo ugonjwa nilikuwa nao na mimi, na sijui kama ni utakatifu au ni ule ule uso wa mfiadini wa mwenzangu wa sukari.

#46 Fundi wa Kamanga

Nitamwambia aombe. Akikataa nitapiga mimi, namba ya dada yake anayo kwenye daftari.

#47 Kisumu Ndogo

Fundi, wanapokea wageni kulala? Nina likizo ya Pasaka, nataka kukaa Juma Kuu mahali pasipo kelele.

#48 Fundi wa Kamanga

Wanapokea, vyumba vichache, andika mapema kwa bruda wa wageni nikupe namba inbox. Kulipa ni unachoweza. Ukitoka Mwanza siku hizi hakuna kupanga foleni ya kivuko, unapita daraja la Kigongo na Busisi dakika chache, halafu bodaboda ndiyo safari yenyewe, masika njia ni tope. Njoo na tochi na shuka zito. Mtandao unapatikana juu ya mwamba nyuma ya zizi la nguruwe, ila bruda wa nguruwe anasema anayeenda kule kupiga simu arudi na ndoo ya maji.

#49 Kisumu Ndogo

Ndoo nitabeba. Na Ijumaa Kuu wanakula nini?

#50 Fundi wa Kamanga

Nimeuliza jikoni. Uji wa mtama bila kitu saa tisa baada ya ibada. Dagaa walitaka, wamekosa.

#51 Mama Kayabo

Mwezi.

#52 SikuHiziBwana

Mama Kayabo nitumie bei ya dagaa wa akiba inbox, mke ameshaanza kuniuliza.